Bendera inafuata upepo, inchi inabaki

Kiswahili kina methali inayojulikana toka pwani mpaka huku kwetu Katanga: bendera hufuata upepo. Watu wanaisema juu ya mtu asiye na msimamo, yule anayegeukia kila mara upande wa mwenye nguvu. Lakini tukitazama historia ya inchi yetu, tunaona kwamba methali hii imetimia kwa bendera yenyewe. Mzee wa Lubumbashi aliyezaliwa mwaka 1950 amebadilishiwa bendera ya inchi mara tano: 1960, 1966, 1971, 1997 na 2006. Na kama alikuwa hapa Katanga kati ya 1960 na 1963, aongeze ingine moja, ile ya misalaba ya shaba. Jina la inchi lilibadilika, wimbo wa taifa ulibadilika, franka ikawa zaire, kisha zaire ikarudi kuwa franka. Lakini mzee yule alibaki yeye yule: anakaa kartie yake, analima shamba lake, anazika watu wake.

Basi, tunauliza: mzee huyu anapenda nini anapopenda inchi yake? Anapenda kitambaa? Kipi kati ya hivyo vyote? Swali hili si la kuchekesha. Katika inchi yetu watu wameuawa kwa ajili ya bendera, na wengine wameibiwa mchana na watu wenye bendera ndogo kwenye gari. Ndiyo maana tumeona ni vizuri, katika kitabu hiki cha mila na desturi, tufuate njia ya bendera toka mwanzo, halafu tujaribu kusema uzalendo wa kweli ni kitu gani.

1. Alama za wazee wetu mbele ya bendera

Neno bendera si la babu zetu. Kiswahili kililipokea kutoka kwa Wareno, na huku kwetu wengi wanasema tu drapo, kwa sababu ya Kifaransa. Lakini kukosa bendera si kukosa alama. Kila ufalme wa huku ulikuwa na kitu kilichoonyesha kwamba utawala uko hapa: ngozi ya chui, mkuki, shoka la sherehe, kiti kilichochongwa. Kwa Baluba kulikuwa na lukasa, kibao chenye shanga na makombe ambacho watu wa chama cha Bambudye walikisoma kwa vidole ili kukumbusha wafalme, safari na makatazo ya inchi. Kwa Bayeke wakubwa walivaa omande, kombe jeupe lililotoka mbali sana, kwenye bahari.

Kwa Walunda alama kubwa ni lukano, kikuku cha Mwant Yav. Tukumbuke masimulizi yake, maana yana somo. Mfalme mzee, Konde, alikuwa na watoto wa kiume, Chinguli na Chinyama, na binti mmoja, Ruwej. Siku moja wale vijana walilewa, wakamkuta baba yao anafuma mkeka, wakamtukana na kumpiga. Binti ndiye aliyemtunza. Mzee alipokaribia kufa hakuwapa wanaume lukano, alimpa Ruwej. Baadaye yeye aliipitisha kwa mume wake Chibinda Ilunga, mwindaji aliyetoka Luba.

Ona vizuri: katika masimulizi haya lukano haikwenda kwa mwenye nguvu wala kwa mwenye kelele. Ilikwenda kwa yule aliyemtunza mzazi. Wazee wetu walijua kwamba alama inafuata kazi, si kazi inayofuata alama. Yule anayetunza ndiye anayestahili kuvaa.

2. Bunkeya, Desemba 1891

Mwaka 1876 mfalme Leopold wa 2 wa Ubelgiji aliita mkutano wa wanajografia kule Brussels. Ukatoka ushirika wenye jina zuri, Ushirika wa Kimataifa wa Afrika, na mwaka 1877 ushirika ule ukajipatia bendera: kitambaa cha buluu chenye nyota moja ya njano katikati. Wenyewe walieleza kwamba nyota ni mwangaza unaoingia katika giza la Afrika. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ilikuwa ya kwanza kuitambua bendera ile kama bendera ya serikali rafiki. Yaani bendera yetu ya kwanza ilitambuliwa mbali, na watu ambao hawajawahi kutuona, mbele ya babu zetu wenyewe kujua kwamba iko.

Katanga ilibaki nje kwa miaka kadhaa. Kule Bunkeya alitawala Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa Usumbwa, katika Tanzania ya leo, aliyekuja kutafuta shaba akabaki kuwa mfalme. Tusimpambe kupita kiasi. Msiri aliuza shaba na pembe za ndovu, lakini aliuza watu pia, na mwaka 1891 Basanga walikuwa wamekwisha kumwasi kwa sababu ya ukali wake. Hata hivyo, alielewa jambo moja ambalo wakubwa wengine hawakuelewa: kupokea bendera ya mtu ni kumpa inchi. Mwaka 1890 alimkatalia Mwingereza Alfred Sharpe. Mwaka 1891 Mbelgiji Paul Le Marinel alipita, akaacha posta Lofoi, lakini Msiri hakuinua bendera ya nyota.

Katikati ya Desemba 1891 ikafika safari ya kapiteni William Stairs, iliyotoka pwani ya mashariki na mamia ya askari na wapagazi. Wengi wao walikuwa watu wa Kiswahili. Stairs alimwambia Msiri apokee bendera ya Leopold. Msiri alivuta siku. Tarehe 19 Desemba Stairs akaipandisha mwenyewe juu ya kilima, bila ruhusa ya mwenye inchi. Usiku Msiri akahamia kijiji cha Munema. Kesho yake, tarehe 20, kapiteni Omer Bodson alitumwa kumleta, ugomvi ukatokea, Bodson akampiga Msiri risasi, naye Bodson akapigwa na watu wa Msiri akafa. Masimulizi ya Bayeke yanasema kichwa cha mfalme kilikatwa na kuchukuliwa, na mpaka leo watu wanauliza kiko wapi.

Hivi ndivyo bendera ya kwanza ilivyoingia Katanga. Haikuletwa na wimbo wala na watoto wa masomo waliopanga mstari. Ilipanda kilimani leo, mwenye inchi akafa kesho.

3. Nyota ya mwangaza na fimbo

Toka 1885 mpaka 1908 bendera ya nyota ilikuwa ya Inchi Huru ya Kongo. Jina lilisema huru, lakini chini yake watu walilazimishwa kuleta mpira wa porini, na walioshindwa waliadhibiwa, vijiji vilichomwa, mikono ilikatwa. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904, pamoja na fotó za wamisionari, zilijulisha dunia. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ulichukua koloni. Nyota ilibaki, ikapeperushwa pamoja na bendera ya Wabelgiji ya nyeusi, njano na nyekundu.

Jinsi watu walivyoikumbuka bendera ile ya rangi tatu, tusiulize vitabu tu. Tuulize picha. Katika miaka ya 70 wachoraji wa Lubumbashi walichora sana aina moja ya picha iliyoitwa "Colonie belge", na watu wa kawaida waliinunua wakaitundika kwenye salon. Mmoja wa wachoraji wale alikuwa Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya inchi nzima katika picha nyingi zilizofuatana. Katika "Colonie belge" kuna jengo la gereza, mfungwa amelazwa tumbo chini, askari wa Force Publique anampiga fimbo, mzungu anatazama, wanawake wamesimama na chakula. Na juu ya yote, bendera. Mchoraji hakuhitaji kuandika maelezo. Kila aliyeingia ndani ya nyumba ile alielewa: bendera na fimbo vilikuwa kazi moja.

Lakini chini ya bendera ile ile kulikuwa na watu waliopenda watu wao. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière hapa Elisabethville waligoma kwa sababu vita ilipandisha bei na mshahara haukutosha. Walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Askari walipiga risasi, na kati ya waliokufa alikuwa Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba yao. Watu hawa hawakuwa na bendera yao, wimbo wa taifa wala pasipoti. Walikuwa na madai ya haki na wenzao pembeni. Sisi tunawahesabu kati ya wazalendo wa kwanza wa mji huu. Vivyo hivyo Simon Kimbangu, aliyefungwa mwaka 1921 na kufa gerezani hapa Elisabethville mwaka 1951, baada ya miaka 30.

4. Bendera za uhuru

Tarehe 30 Juni 1960 inchi ikawa huru. Bendera mpya ilikuwa ile ile ya buluu yenye nyota kubwa, lakini upande wa mlingoti zikaongezwa nyota ndogo sita, moja kwa kila provensi: Léopoldville, Équateur, Orientale, Kivu, Kasai na Katanga. Wengine walishangaa: mbona tunajikomboa na nyota ya Leopold? Lakini nyota zile ndogo zilibadilisha maana yake. Kabla yake ilisema mwangaza unatoka nje. Sasa ikasema sisi wa provensi sita tuko pamoja.

Upamoja ule haukuchukua hata wiki mbili. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, halafu Kasai ya Kusini. Provensi zikagawanywa, zikaunganishwa, zikagawanywa tena. Leo ziko 26. Mwaka 1966 ikatoka bendera nyingine: ya buluu, nyota moja ya njano kwenye kona ya juu, na mstari mwekundu unaokatiza, wenye ukingo wa njano. Wekundu ulikuwa damu ya waliokufa.

Mwaka 1971 inchi iliitwa Zaire, na bendera ikawa ya kijani, na ndani ya duara ya njano mkono ulioshika mwenge. Hiyo ilikuwa alama ya chama, MPR, iliyowekwa kwenye bendera ya taifa. Hapa ndipo tatizo kubwa lilipoingia. Kila Mzairwa alihesabiwa kuwa mwanachama, apende asipende. Kwa hiyo asiyependa chama aliitwa adui wa inchi. Watu waliimba na kucheza kwa kusifu Kiongozi, walifanya salongo kwa kuamriwa, walivaa abakosti. Tusikatae kwamba kulikuwa na mazuri: watu walijifunza kujiona Wazairwa mbele ya kujiona wa kabila hili au lile, na walijivuna kwa majina ya mababu. Lakini uzalendo wa kuamriwa unakufa siku mwamrishaji anapoondoka. Tarehe 17 Mei 1997 AFDL iliingia Kinshasa. Mwenge ukashuka, nyota sita zikarudi, na wimbo wa "Debout Congolais" ukaimbwa tena.

Nyota sita zilirudi wakati provensi zilikuwa zimekwisha kupita sita. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, iliyopigiwa kura na wananchi Desemba 2005, ikaleta bendera tuliyo nayo leo, karibu sawa na ya 1966: buluu ya mbingu, nyota ya njano kwenye kona ya juu kushoto, mstari mwekundu wenye ukingo wa njano. Kifungu cha kwanza cha Katiba kinataja pia kichwa cha chui katikati ya pembe na mkuki, juu ya jiwe, na maneno matatu: Haki, Amani, Kazi. Chui na mkuki, hivyo tulivijua toka zamani. Katika alama zote za serikali, hizo ndizo mababu wangezitambua bila mkalimani.

Mwezi wa Juni 2022 mabaki ya Patrice Lumumba, jino moja, yalirudishwa kutoka Ubelgiji. Sanduku lilifunikwa bendera, likapita Onalua, Kisangani na hapa Lubumbashi, karibu na mahali alipouawa tarehe 17 Januari 1961, kisha likapelekwa Kinshasa. Bendera iliyomfunika si ile aliyoitumikia. Hakuna aliyelalamika. Watu walijua kwamba hawazungumzi na kitambaa, wanazungumza na mtu aliyekufa bila kuuza inchi.

5. Misalaba ya shaba

Hatuwezi kuandika Lubumbashi bila kutaja bendera ya Katanga ya 1960: nyekundu juu, nyeupe chini, mstari wa kijani ukikatiza, na misalaba mitatu ya shaba. Wengi wanaona aibu kuitaja, wengine wanaitaja kwa siri na kwa hamu. Sisi tunasema tuitaje waziwazi.

Msalaba ule, handa, si kitu cha wanasiasa. Mafundi wa zamani waliyeyusha mawe ya malakiti kwa makaa, katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakati wa kiangazi, wakamwaga shaba ndani ya kalibu. Misalaba ilitumika kama feza, na kwenye makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wafu wa karne nyingi zilizopita walizikwa nayo. Ni urithi wa heshima kabisa, nao ni wa Wakongomani wote, sawa na lukasa au mavazi ya rafia ya Wakuba.

Lakini alama nzuri inaweza kuingizwa katika kazi mbaya. Kujitenga kwa 1960 kulisimama juu ya pesa za makampuni ya madini na bunduki za mamluki. Kuliisha Januari 1963, na waliobaki na hasara ni watu wa kawaida. Miaka 50 baadaye, tarehe 23 Machi 2013, vijana wa Bakata-Katanga waliingia mjini Lubumbashi, wengi wakiwa na silaha duni na hirizi, wakaipandisha bendera ile katikati ya mji. Siku ile walikufa watu zaidi ya 30. Wengi wao walitoka vijijini ambako hakuna barabara, hakuna dispensari, na shaba inapita mbele ya mlango ndani ya lori. Waliotuma vijana wale hawakufa nao. Ukiona mtu anakukabidhi bendera na kubaki nyuma, ujue upepo uko upande wake.

6. Chini ya bendera moja, jirani anafukuzwa

Sasa tufike mahali panapouma. Mwaka 1992 na 1993, wakati wa misukosuko ya demokrasia, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na mahali pengine katika Katanga. Wengi walizaliwa hapa. Baba zao waliletwa na reli na migodi toka wakati wa koloni. Waliitwa bilulu, wadudu. Nyumba zilichukuliwa, familia zililala kituo cha gari moshi kwa majuma na miezi zikingoja treni, watoto wakafa kwa magonjwa. Siku zile zote bendera ya Zaire ilikuwa inapanda asubuhi na kushuka jioni, sawasawa.

Waliofukuza walijiita watetezi wa inchi. Walitumia maneno ya upendo: ardhi yetu, watoto wetu, haki yetu. Na ni kweli kulikuwa na malalamiko juu ya kazi na vyeo. Lakini Katiba yetu ya leo, kifungu cha 66, inaeleza wazi kwamba kila Mkongomani ana wajibu wa kumheshimu mwenzake bila ubaguzi na kulinda umoja, hasa wakati umoja ule unatishwa. Maneno haya yaliandikwa kwa kalamu, lakini yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa machozi pale stesheni.

Tukumbuke pia wale waliomficha jirani ndani ya nyumba, waliotunza fungulo na vyombo vya waliokimbia, waliokataa kuacha mke au mume kwa sababu ya kabila. Hawakupewa medali. Wengine waliitwa wasaliti. Hao ndio waliobakiza Kongo pale ilipokuwa inakufa. Maana inchi si udongo tu. Udongo ulikuwepo siku ile, haukutembea. Kilichokosekana ni watu kujuana kuwa watu wa inchi moja.

7. Neno "mzalendo" leo

Ndani ya neno mzalendo mnasikika kuzaliwa. Ni mtu wa mahali, aliyefungwa na mahali kama mtoto na mama. Ni neno zuri. Lakini toka 2022 na 2023, kule Kivu, Wazalendo limekuwa jina la vijana waliochukua bunduki kupigana na M23. Vita ile imeleta uchungu mkubwa: mwisho wa Januari 2025 Goma ilichukuliwa, na katikati ya Februari Bukavu. Sisi tulio mbali na risasi hatuna haki ya kumfundisha ujasiri kijana aliyeona kijiji chake kinawaka. Katiba yenyewe, kifungu cha 63, inasema kulinda inchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani.

Lakini tunaogopa jambo moja: neno lisipunguzwe. Ikiwa mzalendo ni mwenye bunduki peke yake, basi mama anayelima ni nani? Mwalimu ni nani? Na yule mwenye bunduki anayeweka kizuizi njiani na kudai pesa kwa mama yule anayebeba mihogo, tumwite mzalendo kwa sababu tu adui yake ni adui yetu? Tena, kijana akiambiwa kwamba kumpenda Kongo ni kumchukia Mkongomani mwenye uso fulani au lugha fulani, tumerudi stesheni ya Likasi. Adui wa inchi anajulikana kwa matendo yake, si kwa pua yake.

Ziko njia zingine za kusema uchungu wa inchi. Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, katika nusu fainali ya Kombe la Afrika, wachezaji wa Léopards waliziba mdomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili kichwani kama bastola, wakati wimbo wa taifa unapigwa. Walishindwa mechi ile moja kwa sifuri, lakini dunia iliona. Walitumia dakika ya wimbo kusema kwamba kule mashariki watu wanauawa na wengine wananyamaza. Wimbo uliheshimiwa zaidi siku ile kuliko siku nyingi unapoimbwa kwa sauti kubwa na watu wasiofikiri kitu.

8. Uzalendo wa kweli unaonekana wapi?

Sisi hatusemi bendera ni bure. Anayeichana au kuikanyaga anaumiza watu wote walioifia. Watoto wafundishwe kusimama wima, wajue rangi zina maana gani, wajue wimbo wote, si ubeti wa kwanza tu. Lakini kusimama ni mwanzo wa somo. Baada ya kusimama mtu anakwenda kazini, na pale ndipo tunapomjua.

Tumtaje mtu mmoja. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, pale mpakani. Ililetwa chakula kilichoharibika, akapewa pesa ili akiache kipite. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26 tu. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri. Wakatoliki watamheshimu kwa imani. Lakini hata asiye Mkatoliki anaweza kuona: kijana huyu alilinda mpaka wa inchi kwa muhuri na kalamu. Hakubeba bunduki. Alikataa tu watu asiowajua, watu wa kartie za maskini, wale chakula kibovu.

Tumtaje pia daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobeli ya amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake walioharibiwa na vita kule Panzi, na ambaye mara nyingi aliwalaumu wakubwa wa inchi waziwazi. Wako waliosema anachafua jina la Kongo. Hapana. Anayeonyesha kidonda kwa daktari hamchafui mgonjwa. Anayekifunika kwa bendera ndiye anayemuua.

Halafu kuna wasio na jina. Katika miaka ya 90, serikali ilipoacha kulipa, walimu waliendelea kufundisha na wazazi, wenyewe bila mshahara, waliwachangia ili watoto wasibaki wajinga. Kizazi kizima kilisoma hivyo. Mwaka 1965 wafanyakazi wa nyumbani wa mji huu, maboi wa zamani, waliandikisha kwa Kiswahili chao historia ya Elisabethville, "Vocabulaire de ville de Elisabethville", mwandishi wake akiwa André Yav. Hawakuwa maprofesa. Waliona tu kwamba wasipoandika wao, mji utasimuliwa na wale waliowaita boi. Hiyo pia ni kupenda inchi: kukumbuka bila kungoja ruhusa.

Tukiweka mifano hii pamoja, tunapata vipimo vitatu, ambavyo kila mtu anaweza kujipimia. Cha kwanza: je, unafanya nini na kitu cha wote wakati hakuna anayekutazama? Kamba ya umeme, dawa za dispensari, pesa ya kodi, mti wa njiani. Katiba, katika kifungu cha 67, inatudai kulinda mali ya umma, na asiyeilinda asituimbie. Cha pili: je, jirani yako asiye wa kabila lako anakuwa salama zaidi au salama kidogo kwa sababu uko pale? Cha tatu: je, unaweza kuuambia upande wako ukweli? Maana yule anayesifu kila serikali inayoingia, huyo ndiye bendera ya methali.

Kumaliza

Tumehesabu bendera nyingi. Moja ilipandishwa juu ya kilima cha Bunkeya kwa nguvu. Nyingine iliwekwa juu ya fimbo. Nyingine ilikuwa alama ya chama. Iliyopo leo ina mstari mwekundu, na kila mwaka kule mashariki wekundu ule unaongezwa. Hatujui kama wajukuu wetu watakuwa nayo hii au nyingine. Katiba zinabadilika, na upepo nao.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi na walimu jambo moja rahisi. Mtoto akiuliza rangi za bendera zina maana gani, mwambieni, halafu mwambieni pia juu ya Ruwej aliyemtunza baba yake, juu ya wagomaji wa 1941, juu ya waliomficha jirani, na juu ya kijana wa Goma aliyekataa pesa. Aelewe kwamba lukano inafuata mkono unaotunza. Akishaelewa hivyo, hata wakimbadilishia bendera mara tano kama babu yake, yeye hatapotea, kwa sababu atajua watu wake ni nani na deni lake kwao ni lipi.